Mwizi wa Upepo

Katika kambi yetu ya Minjila mtu mmoja alifukuzwa kazi kwa kosa la kuiba upepo. Aliyetafsiri utetezi wake ni mimi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani na mkalimani wa Mzungu mpima ardhi. Alikuwa na pikipiki moja, naye aliipenda kuliko alivyotupenda sisi sote. Kila alasiri alirudi nayo kutoka Garsen, tairi zikiwa bado za moto, akazijaza kwa pampu mpaka kipimo kisome ratili alizozitaka, kisha akaandika daftarini. Usiku pikipiki ililindwa na Muorma mmoja ambaye ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe. Kila Ijumaa alipewa posho yake ya unga, akaibeba hadi ng'ambo ya mto kwa mkewe na watoto wanne. Hawakuwa na chakula kingine.

Mwezi wa saba baridi ya alfajiri ikaanza kuuma. Siku moja Bwana alipima tairi kabla ya jua kutoka, akakuta ratili tatu zimepungua. Kesho yake, tatu tena.

"Nani naiba upepo yangu?" akauliza, akimtazama mlinzi.

Mpishi wetu, mtu wa Kipini mwenye ulimi, akadakia, "Ewe mwizi wa upepo, nipulizie na mimi jikoni basi, kuni zimelowa!"

Vibarua wakacheka. Nami nikacheka.

Siku ya tatu, Alhamisi alfajiri, mlinzi alimwonyesha Bwana kibofu cha mbuzi kilichoning'inia kwenye mlingoti wa hema. Alikuwa amekipuliza na kukifunga jana yake mchana, na sote tulikiona kikiwa kimekaza kama ngoma. Sasa kilikuwa kimenywea. Alikibonyeza kwa kidole, kikabonyea.

"Bwana, hii upepo naogopa baridi," akasema. "Mimi hapana iba. Jua ikitoka, yeye narudi."

Bwana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akanigeukia nimweleze kwa Kiingereza. Upepo ni hewa ya kwenye tairi, na upepo ni pepo wa kichwani mwa aliyepagawa. Nilijua vizuri mlinzi alikuwa anasema upi. Lakini vibarua walikuwa wamekusanyika wakisubiri kichekesho, nami nilitaka kiwe changu. Nikamwambia Bwana kwamba mtu huyu anadai pikipiki ina shetani, shetani mwenyewe anaogopa baridi, na kwamba wawili hao wamezungumza kupitia kibofu.

Bwana hakucheka. Alichomoa sindano ya valvu ya tairi ya nyuma, upepo wote ukatoka. Akamwamuru mlinzi apige magoti.

"Rudisha. Kwa mdomo."

Akapuliza. Tairi haijazwi kwa pumzi ya mtu, na kila mmoja pale alilijua hilo. Meno ya valvu yakamchana midomo, damu ikachuruzika kwenye rimu.

"Kaza, mzee! Shetani huyo mgumu!" akapaza sauti kibarua mmoja.

Bwana alisimama akitazama saa yake mpaka mlinzi alipoanguka kifudifudi. Ndipo akamfukuza, bila posho ya juma lile.

Alipopita karibu nami, mlinzi alisimama.

"Karani, wewe naambia yeye nini?"

"Ulivyosema," nikamjibu.

Akafuta mdomo kwa shuka, akashika njia ya mtoni.

Alfajiri iliyofuata nilishika taa Bwana akipima. Ratili tatu zilikuwa zimepungua. Alisoma kipimo mara mbili, kisha akatazama mlingotini, ambako kibofu kilikuwa bado kinaning'inia, kimenywea. Tangu siku ile akawa anajaza tairi alfajiri badala ya alasiri. Hakutuma mtu kumwita mlinzi, wala mimi sikumwomba amwite.

Jumatatu mwanamke mmoja alifika kambini na gunia tupu begani. Alimuuliza mpishi kwa nini mumewe, yule anayelinda pikipiki, hakuleta unga Ijumaa. Watoto walikuwa wanakula mizizi. Mpishi akaendelea kukoroga chungu chake, akaninyooshea mwiko.

Nikamwambia mumewe aliondoka Alhamisi asubuhi.

Akaniuliza tena, akidhani hakunisikia vizuri. Kutoka kambini hadi kwao, ukiondoka asubuhi ukavuka mto kwa mtumbwi, unafika kabla ya adhuhuri.