Mabruki wa Zuwena

Nyumbani kwetu Al Hail, Muscat, kila unapoingia mwezi wa Shaaban, mama husomesha khitma ya wafu wa ukoo. Kabla ya dua, mwalimu hupewa karatasi yenye majina ya marehemu, akayataja moja moja. Jina moja halikuwahi kuandikwa kwenye karatasi hiyo. Ni la Mabruki, baba wa bibi aliyemlea mama.

Mabruki alitoweka Unguja, ulikoishi ukoo wetu kabla ya kuhamia Oman, akamwacha mkewe, Zuwena, na mtoto mchanga. Baadaye baharia mmoja alileta habari kwamba amemwona Natal, kusini kabisa mwa Afrika, akiendesha magari ya ng'ombe ya Waingereza. Kisha Waingereza wakapigana na Wazulu, habari zikakatika. Zuwena alisubiri mpaka akafa. Yule mtoto alikua akiamini kwamba baba yake alioa hukohuko akawasahau, na alipokuwa bibi mwenye nyumba yake akatoa amri: aliyetutupa hasomwi.

Mwaka huu moyo wa mama umechoka, na daktari hakutuficha. Wiki chache kabla ya Shaaban mama aliniita chumbani.

"Salim, nnataka kujua kabla sijenda," alisema. "Ikiwa alikufa vitani, basi tumemdhulumu mtu miaka yote hii. Nenda ukanitizamie. Na ukirudi usinipambie maneno."

Kaka yangu Nassor, mwenye ofisi Al Khuwair na kanzu ya dishdasha isiyojua kukunjamana, aliona tunajisumbua. Kwake Mabruki alikuwa mfanyabiashara wa karafuu, na hadithi ilitosha kuishia hapo. Mimi nina gereji, mtaa wa Ghala. Niliwaachia mafundi funguo nikapanda ndege.

Durban nilifika Jumanne, mgongo ukiniuma kwa kubadilisha ndege. Asubuhi yake nilimkodi Bwana Themba, Mzulu, mwalimu mstaafu anayewatembeza wageni kwenye viwanja vya vita. Tuliendesha gari kwa muda wa saa nne tukipanda bara, na kila baada ya muda alikuwa akinionyesha kwa kidole mahali watu walipopigana. Pale Makaburu na Wazulu. Kule, miaka ya baadaye, Waingereza na Makaburu. Nilichoka kuhesabu vilima vilivyoua watu.

Isandlwana, walikopigana Waingereza na Wazulu, tulifika adhuhuri. Ni mlima mmoja peke yake, na chini yake uwanda wa nyasi wenye malundo ya mawe yaliyopakwa chokaa. Chini ya kila lundo wamelala askari wa Kiingereza, waliozikwa pamoja bila kutenganishwa. Pana minara yenye majina yao, na pana mkufu mkubwa wa shaba, kumbukumbu ya mashujaa wa Kizulu. Nilisoma mnara mmoja baada ya mwingine. Mabruki sikumwona, wala jina lolote linalofanana na letu.

"Babu wa babu yangu alipigana hapa," alisema Bwana Themba. "Siku ile tulishinda, lakini hakukuwa na boma lisilolia. Halafu wakarudi na jeshi kubwa zaidi, wakatuchukulia nchi."

"Na waendesha magari ya ng'ombe?"

"Walikuwemo wengi, watu weusi wa Natal. Walikufa na Waingereza wao. Nani aliandika majina yao?"

Kwenye jumba la makumbusho, njia hiyohiyo, kulikuwa na gari moja la ng'ombe. Niliinama chini yake kama ninavyoinama kila siku kazini. Breki yake ni ya parafujo, iko nyuma. Kwenye mteremko lazima mtu ashuke aizungushe kwa mikono miwili, huku mwenzake akiwashika ng'ombe mbele. Mtu wa kazi hiyo hana hata mkono wa kujikinga. Nilisimama nimejaa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Njiani kurudi, Bwana Themba aliniuliza kama nawajua Wazanzibari wa Durban. Nilidhani ananitania. Akasema wapo, ni Waislamu, na wana msikiti wao.

Ijumaa, baada ya sala, imamu wao alinipeleka kwa Bi Amina, muuguzi mstaafu ambaye ndiye anayetunza majina ya wazee wao. Tulizungumza Kiingereza, maana Kiswahili kimewatoka, kimebaki cha chakula na cha kuamkiana. Alinipa chai ya iliki, akanieleza bila kuzungukazunguka.

"Wazee wetu walikuwa watumwa. Chombo kilichowabeba kilikamatwa na Waingereza baharini. Badala ya kuwarudisha makwao, wakawaleta huku kuwafanyia kazi. Wengine waliibwa Unguja, wakaacha wake na watoto."

Alileta daftari lenye jalada la kitambaa, lililonakiliwa kutoka daftari jingine kuukuu zaidi. Akasoma: Juma wa Hamisi, Feruzi wa Songoro, Mabruki wa Zuwena.

Niliweka kikombe chini nikamwomba arudie.

"Huyu wa tatu? Alipelekwa na magari kwenye vita vya Wazulu, hakurudi. Wenzake wote wametajwa kwa baba zao. Tuliambiwa kwamba kabla hajaondoka aliwaomba: nikifa, nitajeni kwa mke wangu, ili akisikia ajue ni mimi. Tunamsoma kila khitma. Hatujui Zuwena ni nani."

Nililia mbele ya mama wa watu nisiyemjua. Nilipomweleza, alichukua kalamu, akaandika jina la Zuwena chini ya la mumewe.

Muscat nilirudi Jumapili. Nassor alinipokea uwanja wa ndege, na barabarani nikamweleza yote. Alinijibu tulipokaribia Al Hail.

"Jina litiwe, sawa," alisema. "Lakini hili la utumwa liache, wallahi. Tuna mabinti wa kuozwa. Tumpe baba wa kubuni, tuandike Mabruki bin Abdallah, khalas."

Mama alinisikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba. Nassor akatoa shauri lake. Mama akafumbua macho.

"Akiwa mtumwa, kauliwa na vita visivyo vyake, na bado akamkumbuka mkewe," alisema. "Nyinyi mabwana wazima mnaona haya ya nini? Mwandikeni alivyotaka mwenyewe."

Nimeandika haya kwa ajili ya jamaa ambao bado wananiuliza nimeleta nini kutoka huko. Kaburi sikuliona. Nimejua tu kwamba wakati sisi damu yake tukimhukumu, watu wasiotujua walikuwa wakimwombea, na aibu hiyo ni yetu.

Siku ya khitma majlisi, sebule yetu ya wageni, ilijaa jamaa na majirani. Mwalimu alisoma majina mpaka akafika kwa Mabruki wa Zuwena, akasita, akainua karatasi akidhani mwandiko umemchanganya.

"Huyu ni bin nani?" aliuliza.

Nilikuwa nafungua mdomo, Nassor akaniwahi.

"Soma hivyohivyo, mwalimu. Ni babu yetu. Alikuwa mtumwa, na Zuwena ni mkewe."

Mwalimu akasoma. Dua ilikuwa bado haijaanza, lakini kutoka chumba cha wanawake tulimsikia mama akiitikia amin.