Mwani Ulioletwa Mbita

Mwalimu Mellen Nyamusi alizaliwa Kehancha, kwenye tumbaku na ng'ombe, na bahari aliiona mara moja tu, alipokuwa chuoni. Rafiki yake wa Kwale alipomtumia furushi la mwani mkavu, alilichukua moja kwa moja hadi Gredi ya Nne, katika shule yake ya Mbita, kando ya ziwa, akaloweka mwani ndani ya beseni.

Watoto walijazana. Mwani ulivimba, ukawa laini, ukanuka chumvi.

"Samaki wadogo hujificha humu wasiliwe," alieleza. "Wengine hula humu. Na mwani huyatia maji hewa wanayovuta. Bila majani, bahari ingekuwa na njaa."

Lynnet, aliyeketi karibu na dirisha, hakusogea.

"Ticha, majani ndiyo yalimuua baba."

Kila mtu alijua. Upepo ulisukuma gugu maji, mmea unaoelea ziwani, usiku, likaizingira mashua ya Obare, baba yake, injini ikakwama. Aliposhuka kujaribu kuogelea, mizizi ilimfunga miguu. Mwili ulionekana gugu lilipohama.

"Huu ni mwani, Lynnet. Gugu ni mmea mwingine kabisa," Mellen alisema haraka, kama anayesahihisha hesabu. Mtoto alichukua mkoba wake, akatoka.

Jioni Mellen alikwenda kwa kina Lynnet kuomba radhi. Mama wa mtoto, Priscah, alikuwa akichambua maharagwe. Tangu mazishi, samaki hawakupikwa tena katika nyumba ile.

"Tangu tumzike babake hajawahi kumtaja," Priscah alisema. "Leo amekuja ananiuliza, wale samaki wanaojificha kwenye majani, ndio walimla? Wewe ni mwalimu. Nimjibu nini?"

Mwili ule ulizikwa jeneza likiwa limepigiliwa misumari, na wote wawili walijua kwa nini. Mellen akavuta kigoda, akachambua maharagwe pamoja naye mpaka yakaisha.

Siku iliyofuata Lynnet alirudi shuleni. Wenzake walipotoka kucheza, alibaki, akalisogelea beseni.

"Hiyo ya bahari iko na mizizi?"

"Hapana. Hujishikiza kwenye mwamba. Hukaa hapo hapo maisha yake yote."

"Haiwezi kumfuata mtu?"

"Haiwezi."

Alitumbukiza kidole, akakitoa upesi, akakifuta kwenye sketi. Mellen alitaka kumwambia kwamba hata gugu halikumfuata baba yake, kwamba ni upepo tu. Akaona neno hilo halitamsaidia mtoto kulala.

Kabla ya muhula kwisha, Priscah aliwahamishia watoto Kosele kwa mama yake, mbali na ziwa. Lynnet hakuaga. Mellen alimaliza somo la mimea ya majini akiwa na darasa lililopungua mmoja, na kila alipotaja gugu maji, watoto walitazama chini.