Hapa pumua

Jamani walimu wenzangu, leo nimetoka darasani kabla ya kengele.

Wiki tatu nawafundisha Kidato cha Pili kughani shairi la mama aliyezamiwa na mwanawe hapa ziwani. Ubaoni niliwawekea hadi maelekezo: hapa pumua, hapa shusha sauti.

Leo akasimama Kabula, mikono kaibana ubavuni kama yuko paredi.

"Mwanangu rudi nyumbani hapa pumua, uji wako unapoa hapa shusha sauti..."

Sauti ileile mpaka mwisho!

Nikangoja wenzake wacheke. Angalau mmoja tu.

Wakampigia makofi ya kilo.

"Kabula, huyu mama anajisikiaje?"

"Madam, hilo hujatuandikia."

Kugeuka, darasa zima limeshika kalamu, linanisubiri.

Nikaandika ubaoni: ana huzuni.

Wakanakili.