Mtoto Aliyenusurika Kuitwa Nebula

Mwalimu Constantine Luhende hakuwahi kukalia kiti bila kukipangusa kwa leso. Hata kanisani. Hata nyumbani kwa mtu aliyekwisha kukipangusa kiti kilekile mbele ya macho yake na kumwambia karibu. Alipangusa, akaitazama leso kama daktari anayesoma majibu ya maabara, kisha akaikunja na vumbi lake ndani na kuirudisha mfukoni. Majirani zetu wa Somanda walisema anakusanya udongo wa kujengea.

Nilifundisha naye shule moja ya msingi kwa miaka mingi, yeye jiografia, mimi Kiswahili, na nilikuwepo siku lile neno lilipomwingia. Mfadhili mmoja alituletea picha kubwa za ukutani. Ya moyo wa binadamu ilienda darasa la sita, ya wadudu wa pamba ikabaki ofisini, na ya wingu jekundu lenye nyota ndani yake ikakosa mwenyewe. Mwalimu mkuu alitaka kuzibia dirisha lililovunjika. Luhende akasoma maandishi ya chini, akaikunja, akaondoka nayo kwake. Toka hapo hatukupumua.

"Nebula," alitufundisha wakati wa chai ya saa nne, "ni wingu la vumbi na gesi lililo kati ya nyota na nyota. Humo ndimo nyota zinamozaliwa. Na nyota nyingine zikifa, zinaacha nebula."

Maana ilikuwa sahihi. Matumizi ndiyo yaliyotutesa. Insha ya mwanafunzi mvivu ilikuwa nebula. Hotuba ya mwenyekiti wa chama cha ushirika kuhusu bei ya pamba ilikuwa nebula. Hata mchuzi wa msibani, ukiwa na maji mengi, ulikuwa nebula. Lakini mwingine asithubutu kulitumia. Kiangazi kimoja kijana wa bodaboda alimpita mbio, akamwachia vumbi usoni, akageuka akicheka: "Mwalimu, nebula hiyo!"

Luhende akamsimamisha. "Hilo ni vumbi la barabara. Nebula lazima iwe kati ya nyota."

"Na mimi niko kati ya hospitali na stendi, mwalimu. Nimepungukiwa nini?"

"Elimu," akajibu Luhende, akapangusa miwani.

Siku moja alinieleza kwamba zamani wataalamu waliita nebula kila doa la ukungu waliloliona angani na kushindwa kulielewa. Darubini zilipokuwa kubwa zaidi, baadhi ya madoa yakagundulika kuwa si mawingu kabisa. Ni galaksi nzima, nyota juu ya nyota, mbali mno. "Waliita wingu kwa sababu hawakuona vizuri," alisema kwa dharau, kana kwamba yeye angeona. Nikawaza kuwa huyu naye huita nebula kila asichotaka kukitazama. Sikumwambia. Chai ilikuwa ya kwake, na sukari pia.

Alipostaafu tulimpa godoro na saa. Muda si mrefu Winnie, mwanawe wa pekee, akajifungua mtoto wa kike. Luhende alifika wodini kabla ya uji na kutangaza kuwa mjukuu ataitwa Nebula.

Winnie alicheka akidhani ni utani. Alipomwona baba yake anapangusa kiti kwa utulivu, akaacha kucheka. "Baba, huyu atasoma. Atasimama mbele ya darasa. Watamwita nini?"

"Watamwita jina lake. Wewe unaitwa Winnie, nani amewahi kukuuliza maana yake?"

Padri alipomweleza kuwa hakuna mtakatifu wa jina hilo, Luhende alijibu kwamba kila kitu kina mwanzo. Winnie akanijia analia. "Mwalimu Elina, ongea naye. Akishabatizwa ndiyo basi, mwanangu atabeba hilo vumbi mpaka uzeeni." Niliongea naye. Akanionyesha picha.

Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya ubatizo, akaja Nyanjige, mama mkwe wa Winnie, kutoka Zagayu, na kuku wawili mkononi. Mtoto alikuwa akilia mchana kutwa. Nyanjige alimsikiliza kidogo kama fundi anayesikiliza injini. "Anadai jina," akasema.

Kwetu hilo halihitaji maelezo mengi. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, yuko marehemu wa ukoo anayetaka mtoto achukue jina lake. Wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja moja. Litakalomnyamazisha ndilo lake.

"Ni gesi tumboni," Luhende akasema.

"Si ulisema nebula ni vumbi na gesi?" Nyanjige akamjibu. "Basi jina lako analo tayari, mwalimu. Ndilo linalomliza."

Tukakaa uani alasiri, wali ukiwa umeshaiva. Nyanjige akaanza na wa upande wake. Nyamizi. Kija. Specioza, aliyebatizwa akiwa kikongwe. Mtoto alilia kwa wote bila upendeleo.

"Wetu wamekwisha. Taja wenu."

"Nebula," akasema Luhende.

Mtoto akalia.

"Nebula!" Akapaza sauti kama anayewasemesha wa dawati la nyuma. Mtoto akazidi. Kuku wakakimbia.

"Huyo Nebula alizikwa wapi?" Nyanjige akauliza kwa adabu zote. "Asiye na kaburi hawezi kudai mtoto. Mama yako aliitwaje?"

Luhende akasimama, akakipangusa kiti alichotoka kukikalia. Winnie alimtazama, nami nikamtazama. Mtu huyu alikuwa amenieleza mwanga wa nebula ya kundi la nyota la Jabari unavyosafiri mpaka kutufikia, lakini hakuwahi kunieleza yeye alisafiri kutoka wapi. Winnie mwenyewe alikua akiambiwa tu kuwa bibi yake alifariki zamani, kule.

"Milembe," akasema hatimaye, akiitazama leso. "Wa kule Mwandoya. Alichunga ng'ombe za watu. Anarudi malishoni amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Lakini mimi nikitoka shule, kigoda ananipangusia kwanza kwa kanga yake. Msomi asichafuke, anasema." Akaikunja leso. "Basi nikaondoka msafi."

Mtoto aliendelea kulia. Nilikuwa karibu, na masikio yangu ni mazima: hakupunguza hata kidogo mpaka Winnie alipomnyonyesha. Lakini Nyanjige alishapiga vigelegele. "Mmeona? Amenyamaza kwa Milembe!" Josia, mume wa Winnie, akasema ameona, maana wali ulikuwa unapoa. Winnie akaapa kabisa. Nikamgeukia Luhende, mtu wa ushahidi, adui wa ushirikina, nikingoja atufundishe.

"Amenyamaza," akasema kwa sauti ya darasani. "Nimesikia mwenyewe."

Akabatizwa Anna Milembe. Picha ya lile wingu ilitundikwa juu ya kitanda chake, na alipoanza kusema alikuwa akiinyooshea kidole: "Vumbi!" Babu yake alimsahihisha kila mara: "Na gesi."

Mwaka jana Luhende alilazwa. Nilipompelekea uji na kutaka kukaa, alininyooshea leso. Nikakipangusa kiti, yeye akikagua kazi. Aliuliza habari za shule. Akasema mwenyekiti wa ushirika bado ni nebula. Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono.

"Mwalimu Elina, yule mtoto hakunyamaza," akasema. "Usimwambie Nyanjige. Mtoto nimeshazoea kumwita mama."