Punje ya Mahindi kwenye Mashine ya Maji Moto

Ukitaka kumkasirisha Mbinya, mjane wa Nthiwa, mwambie akae tu apumzike. Mama huyu alishona sare za shule pale sokoni Ikutha mpaka watoto aliowapima viuno wakakua, wakaleta watoto wao kupimwa, na aliacha cherehani siku uzi ulipokataa kabisa kuingia kwenye tundu la sindano. Daktari aliuita ugonjwa huo presha ya macho. Jicho la kushoto lilienda kwanza, la kulia likafuata, na siku hizi anachokiona ni mwanga wa mlango tu. Lakini mikono yake haikuwahi kuambiwa kwamba kazi imeisha.

Shida ilikuwa moto. Mwaka jana leso yake ilishika moto kwenye mafiga akichemsha maji ya chai, jirani akauzima kwa mchanga. Gedion, mwanawe mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Malili, alikuja mbio na kutoa neno: akiungua tena, hata kidole, anahamia Malili. Hakuwa na nia mbaya, tuseme ukweli. Ila Mbinya aliyajua maisha hayo. Angepewa chumba kizuri na godoro jipya, na kiti cha kukalia kutwa nzima akisikiliza redio ya watu wengine. Hapa Ikutha alikuwa na mbuzi anaowajua kwa sauti, na kwaya ya akina mama isiyoweza kuanza wimbo bila yeye. Malili angekuwa mgeni mpaka kufa.

Aliyemwokoa ni bintiye Yvonne, aliyemletea mashine wakati wa Pasaka. Unaijaza maji kwa nyuma, unabonyeza, na kabla hujamaliza kupapasa sukari, kikombe kimejaa maji ya moto na mashine imejizima yenyewe. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna sufuria ya kupindua. Kasoro yake ilikuwa moja. Vitufe vyake vitatu, cha kikombe, cha kikombe kikubwa na cha jagi, vilikuwa laini kama kioo, na kidole hakiwezi kuvitofautisha. Yvonne alichukua punje ya mahindi, akaibandika kwa gundi kwenye kitufe cha kikombe, na mambo yakaisha hapo.

Basi Mbinya akawa mtu wa raha. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa kali, alichanganya maji yake ya kunawa bila kumsumbua mtu. Dawa alimezea maji ya uvuguvugu. Sahani zenye mafuta aliziosha mpaka zikalia chini ya vidole. Na kwa vile maji ya Ikutha huletwa kwa mitungi juu ya punda, alifurahi kwamba mashine huchemsha kikombe kimoja akitaka kimoja, si sufuria nzima inayobaki kupoa. Wanakwaya walimtania kwamba siku hizi anakunywa chai ya ofisini, isiyopikwa na maziwa. Aliwaambia warudi wakapulize kuni zao.

Jumamosi moja Gedion alifika na mkewe Kathini, na Pasta Muindi akaalikwa ili kama neno litatoka, litoke mbele yake. Hakuna aliyeitaja Malili, lakini ilikuwa imekaa nao pale sebuleni. Mbinya alikuwa ameamua jambo moja: chai ya wageni ataitengeneza yeye, kwa mkono wake, wakiona.

Pasta akasema waombe kwanza. Pasta Muindi akianza kuomba, huombea kaunti nzima na kuchungulia ya jirani. Alikuwa amefikia mvua na mifugo wakati Mbinya aliposikia kwamba kiti cha Kathini ni kitupu. Kule jikoni kitambaa kilikamuliwa. Kathini ni mkaza mwana mwenye adabu, hawezi kukaa mikono mitupu nyumbani kwa mama mkwe. Alipangusa meza. Akahamisha vikombe. Kisha ikasikika sauti ndogo, kru, kru, ya ukucha unaokwangua kitu kikavu.

Mbinya aliikumbuka punje yake. Alitaka kupaza sauti, lakini utamkatizaje mchungaji aliyefumba macho? Akaibana leso kwa vidole, akamwomba Mungu kivyake, ombi fupi sana: asiiguse.

"Amina," Pasta akasema hatimaye.

"Kathini, kuja ukae," Mbinya alisema. "Chai ni yangu leo."

"Hata usisimame, Mama, mimi nitaleta."

"Nimesema ukae."

Jikoni palinukia sabuni. Vikombe havikuwa mahali pake, akavipata upande wa dirisha, vimepangwa vizuri. Aliweka kimoja chini ya mdomo wa mashine, akapeleka kidole kwenye kitufe. Laini. Akasogeza juu, laini. Akashuka chini, laini. Na mlangoni palikuwa na mtu amesimama. Mbinya alizijua pumzi hizo tangu zilipokuwa za mtoto mchanga.

"Uko sawa, Mwaitu?" Gedion aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

Hapo ndipo angesema. Lakini kuuliza punje iko wapi ilikuwa sawa na kukiri kwamba bila punje hajiwezi, na Gedion alisimama pale akingoja hilo hasa. Mbinya alikadiria, akabonyeza.

Maji yalikuja. Alisikiliza kikombe kikijaa, akangoja yakatike. Hayakukatika. Yalipita ukingo, yakamwagikia vidole vilivyoshika kikombe. Alijikaza kisabuni asipige kelele, lakini mkono ulijivuta wenyewe, na kikombe kikavunjika sakafuni.

Gedion alikuwa ameshamfikia. Aliutumbukiza ule mkono kwenye beseni la maji baridi, na hakugomba, jambo lililomtisha Mbinya kuliko kugombezwa.

"Basi, Mwaitu," alisema polepole. "Si tulikubaliana?"

Kathini alikuja nyuma yake, akaona. "Kulikuwa na mahindi imegandia hapo kwa mashine. Nimeikwangua. Nilidhani ni uchafu. Mama, kumbe ilikuwa yako?"

"Ilikuwa macho yangu," Mbinya alisema.

"Hata kama," Gedion akasema. "Leo ni mahindi, kesho itakuwa kitu ingine. Mtu hawezi kuishi akitegemea punje moja."

Mkono ulikuwa unawaka. Hasira ilimpanda Mbinya mpaka kooni, na ikamtuliza maumivu kuliko yale maji. Aliutoa mkono kwenye beseni, akauinua mahali alipodhani uso wa mwanawe uko.

"Gedion. Tangu Pasaka naishi na hii mashine peke yangu. Haijanigusa hata ukucha. Nyinyi mmefika leo, mnanipenda, mmenisaidia kidogo tu, na angalia mkono." Akavuta pumzi. "Sasa nikuje Malili mnisaidie kila siku?"

Kule sebuleni Pasta alikohoa, akaacha. Mbinya aliurudisha mkono kwenye beseni.

Kisha alisikia vipande vya kikombe vikiokotwa. Aliyeinama alikuwa Gedion. Alipomaliza alisimama mbele ya meza.

"Vikombe vinakaa wapi, Mwaitu?" aliuliza, na hakugusa chochote mpaka alipoambiwa.