Mashine Ambayo Kinyaa Hakutaka Kuigusa

Ofisini kwetu kulikuwa na sinki moja, na ndani ya sinki hilo kulikuwa na vikombe ambavyo hakuna aliyekiri kuwa ni vyake. Masalia ya chai yalikuwa yameota ukungu wa kijani, na kijiko kilichotumbukizwa humo kilisimama chenyewe. Kila asubuhi mtu mmoja alipita mbele ya sinki hilo ameziba pua, akaingia chumbani kwake, akafuta kiti, meza, kibodi na kipanya kwa spiriti, kisha ndipo akaketi. Tulimwita Kinyaa. Jina lilimkaa vizuri kiasi kwamba hata mkewe, alipopiga simu ya ofisini, aliuliza, "Kinyaa wenu yupo?"

Hakulichukia. "Afadhali niitwe Kinyaa kuliko niwe ndiye ninayekitia," alisema siku moja, huku akimtazama Meneja aliyekuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya kibodi ya mtu mwingine.

Baba yake Kinyaa alikuwa fundi wa mabomba ya vyoo. Jioni harufu ilitangulia kufika, kisha baba akafuata. Dada yake mkubwa alikuwa akimkimbilia na kumrukia shingoni, lakini yeye alisimama mbali, akatoa shikamoo kutoka upande wa pili wa ua. "Marahaba, daktari," baba alimjibu akicheka. "Nioge kwanza, au leo unanisamehe?" Hakusamehewa hata mara moja. Mtoto huyo alipokua, alichagua kazi ambayo aliamini haina tope wala mafuta: kazi ya kompyuta.

Huko nako aliukuta uchafu. Kampuni yetu ilitengeneza programu za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, zile ambazo mama mjamzito huonyeshwa mtoto wake kwenye skrini. Kinyaa alishughulikia kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa nafasi na kuamua nani akae wapi. Kumbukumbu ya mashine hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, vinavyoitwa kurasa. Daktari anapoanzisha picha mpya, kiini hutafuta kurasa za kutosha, kisha huziandika kwenye ramani yake ili programu ijue pa kuzipata. Kazi hiyo ilifanywa ukurasa mmoja mmoja, hata pale ambapo kurasa zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu. Wakati huo wote skrini iliganda, na daktari alibaki ameshika kifaa juu ya tumbo la mtu, akisubiri.

"Inatia kichefuchefu," Kinyaa alitwambia. "Ni sawa na kubeba gunia la mchele punje moja moja, na kwa kila punje unafungua mlango na kuufunga."

Akaandika njia yake. Kiini kiombe kwanza bonge moja kubwa la kurasa zinazofuatana, kisha bonge lote liandikwe kwenye ramani kwa mara moja: linaanzia hapa, linaishia pale. Ilikuwa kazi safi, fupi, isiyo na neno la ziada. Alipopima, muda wa kuandika ramani ulikuwa umeshuka hadi sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Meneja alipiga kofi mezani hadi maganda ya yai yakaruka. Kabla ya jioni alikuwa ameshaitangazia hospitali.

Njia hiyo ikawekwa kwa majaribio kwenye mashine ya wodi ya wazazi. Ikifaa, ingewekwa hospitali nzima. Isipofaa, ingeng'olewa, wodi zote zingerudi kwenye mgando wa zamani, na Kinyaa asingeruhusiwa kugusa tena kiini cha mashine hizo. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa ni yule yule dada yake, na ndiye aliyempigia simu.

"Mdogo wangu, umetuletea nini huku?"

"Kasi, dada."

"Kasi ya konokono! Zamani iliganda, mtu anapepesa macho mara mbili, ikaendelea. Sasa inaganda mpaka mama ananiuliza kama mtoto amekufa."

"Haiwezekani. Nimeipima mwenyewe."

"Basi njoo umweleze hivyo huyu anayelia hapa."

"Mtakuwa mmeichafua."

"Wodi ya wazazi hii. Ulitaka tuipambe maua?"

Alikwenda mchana huo huo, na chupa ya spiriti mfukoni. Mashine ilikuwa imeegeshwa kwenye pembe ya korido, karibu na ndoo ya taka. Jeli ya kupaka matumboni ilikuwa imekaukia katikati ya vitufe, ya manjano, mfano wa kamasi. Nywele ndefu zilikuwa zimejisokota kwenye magurudumu pamoja na pamba, na pamba ile haikuwa nyeupe. Feni ya nyuma ilivaa vumbi zito lenye unyevu. Juu ya skrini kulitundikwa kitambaa cha kufutia kilichonuka maziwa yaliyochacha. Kinyaa alikiondoa kwa ncha ya kalamu. Alibonyeza kitufe cha kwanza, kitufe kikang'ang'ania kidole. Akageukia ukuta, akafumba macho, na mabega yake yakatikisika.

"Baba alikuwa anatia mkono mpaka kwapani," dada yake alisema, "na wewe kibodi tu inakutapisha?"

"Baba alikuwa na sabuni. Hapa hata sabuni siioni."

"Ipo. Tumeifungia kabatini isitembee."

Kinyaa alijikaza. Akapeleka mkono kwenye kitufe cha kuzimia mashine, kama alivyozoea. Dada yake akamdaka kiwiko.

"Unataka kufanya nini?"

"Naiwasha upya, ndipo nipime."

"Hiyo haizimwi."

"Haizimwi tangu lini?"

"Tangu tulipoishusha kwenye gari. Wanawake hawajifungui kwa ratiba yako. Nani ana muda wa kuizima?"

Kinyaa aliuacha mkono wake ukining'inia hewani. Hapo hapo alielewa, na akatamani asingeelewa. Mashine iliyowashwa sasa hivi ina kumbukumbu tupu, kurasa zake zimepangana kama viti vya ukumbi kabla ya watu kuingia. Mashine iliyotumika mfululizo ni ukumbi ambao watu wamekaa ovyo: viti vitupu ni vingi, ila havifuatani. Njia yake ilidai viti vinavyofuatana. Ilipovikosa, kiini kilianza kuwainua watu na kuwahamisha ili kipate safu nzima, na skrini ikasubiri, na mama akasubiri.

Kule ofisini hakuwa ameliona hilo hata mara moja, kwa sababu kila mara kabla ya kupima aliiwasha mashine upya. Hakukusudia kumdanganya mtu. Aliiwasha upya kama anavyosuuza kikombe kabla ya kunywa, mkono ukienda wenyewe.

"Kumbe nilikuwa napima usafi wangu," alisema.

"Sijui unachosema," dada yake akamjibu, "ila una uso wa mtu aliyemeza nzi."

Kesho yake alimweleza Meneja. Meneja alisikiliza huku akichokonoa meno kwa kona ya kadi yake ya kazini, akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni.

"Hilo tu? Waambie waizime kila asubuhi."

"Hawawezi, bosi."

"Basi hiyo ni shida yao. Siku wakubwa wa hospitali watakapokuja kutazama, sisi tunaiwasha upya wakiwa mlangoni. Wataona sehemu ya kumi yao, tutakunywa soda, tutaondoka."

"Na baada ya hapo, ikishazoea kazi?"

"Baada ya hapo tutakuwa hatupo." Meneja akatabasamu, kiini cha yai kimemganda kwenye sharubu. "Unashangaa nini? Wewe si ndiye mpenda usafi? Kuiwasha upya ndiyo kuisafisha."

Kinyaa alitoka chumbani humo akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu. Alisema baadaye kwamba vikombe vya sinki lile havikuwahi kumtia karaha kama lile tabasamu, na karaha ilizidi kwa sababu usafi uliotajwa ulikuwa wa kwake mwenyewe, umetafunwa na kurudishwa.

Akarudi hospitalini. Aliomba kiti, akaketi kwenye korido wakati mashine haina mgonjwa, ndoo ya taka ikimpumulia miguuni, akaandika upya kazi yake juu ya mashine ile ile chafu bila kuizima. Safari hii kiini hakikudai bonge wala hakikumhamisha mtu. Kilichukua kurasa kama zilivyopatikana, kikazitazama kwa mfululizo: zilizopakana, ziwe nyingi au mbili tu, ziliandikwa kwenye ramani kwa pamoja, iliyobaki peke yake iliandikwa peke yake. Kazi hiyo ilijaa masharti ya "kama" na "isipokuwa".

"Sura yake ni kama matapishi," alimwambia dada yake.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Matapishi ya huku hayafanyi kazi. Shukuru."

Muda ulishuka hadi nusu ya ule wa zamani. Nusu tu, lakini ilikuwa nusu ya mashine iliyochoka, katikati ya kazi.

Siku ya wakubwa, daktari mkuu wa hospitali alikuja na wenzake wawili, wakaizunguka mashine pale koridoni. Meneja alikuwa amevaa tai. Alikohoa, akasogea pembeni, akanyoosha kidole chake kimyakimya kuelekea kitufe cha kuzimia.

Kinyaa alikifunika kitufe kwa kiganja. Kiganja kizima, bila glavu, juu ya jeli ile iliyokauka.

"Usiizime, bosi."

"Toa mkono," Meneja alinong'ona, akiendelea kuwachekea wageni.

"Kuna nini?" daktari mkuu akauliza.

"Kuna kipimo cha uongo," Kinyaa alisema. "Ile sehemu ya kumi mliyoahidiwa ni ya mashine iliyowashwa sasa hivi. Nilikosea kupima, na leo ilitakiwa nikosee tena kwa makusudi. Ya kweli ni nusu. Tazameni ikiwa hivi hivi ilivyo."

Dada yake alimwita mama aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Picha ikaanzishwa. Skrini ikaganda kwa kitambo cha kupepesa jicho, kisha mtoto akaonekana, amekunja goti. Daktari mkuu akaomba irudiwe, ikarudiwa. Akamgeukia Meneja.

"Tutachukua hii nusu, kwa wodi zote. Hiyo nyingine mkaitumie kwenu."

Meneja alirudi ofisini peke yake kwa gari la kampuni. Kinyaa alibaki ameusimamisha mkono wake mbali na mwili, vidole vimetanuka, unata ukimvuta ngozi. Dada yake akafungua kabati, akamtolea sabuni. Alinawa mpaka viwikoni, akasuuza, akanusa, akanawa tena.

Siku hizi chumbani kwake kuna mashine ya pili ya kupimia, karibu na dirisha. Haizimwi. Sote tuna ruhusa ya kuitumia tunavyotaka, tena tule mbele yake, na hakuna kipimo kinachotoka ofisini kwetu kabla hakijapita hapo. Vitufe vyake vimeshaanza kunata. Kinyaa huvibonyeza kwa ncha ya kalamu, uso ameukunja, na akimaliza huitupa kalamu.