Ini Lililolishwa Tini

Kazini walimwita Mzee Kadi. Miaka thelathini alikaa chumba cha kamusi akiandika maneno, kila neno na kadi yake: juu jina, chini asili, mwisho vizazi. Maradhi hayo yalimfuata hadi nyumbani. Hata mwavuli wake ulikuwa na kadi.

Sasa ini lilikuwa limemharibikia, na bintiye wa pekee alikuwa amejitolea akatwe kipande cha lake ampe. Kilichobaki ni fomu ya hospitali: undugu wenu? Mzee akashika kalamu, akaiweka. Binti huyo alimwokota mlangoni akiwa kichanga. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye na marehemu mkewe tu. Aliogopa akisema atampoteza, na kudanganya tena hawezi.

"Andika basi, Baba, wanatusubiri."

"Mwanangu, Warumi waliliita ini *iecur*. Ila walipenda ini la bata bukini aliyenoneshwa kwa tini, wakaliita *iecur ficatum*, ini lililolishwa tini. Baadaye wakaona uvivu kutamka yote, wakabaki na *ficatum*. Ndilo lililozaa *foie* ya Wafaransa, *fegato* ya Waitaliano, *hígado* ya Wahispania. Lile la asili halikurithiwa. Aliyerithi ni yule wa kulishwa."

"Baba! Unaumwa ini na bado unanifundisha ini?"

"Ninachotaka kusema... wewe, mimi na mama yako hatuku..."

Binti akafungua mkoba, akatoa kadi iliyopauka. Mwandiko ulikuwa wa mzee mwenyewe: *Binti. Asili: haijulikani, kaachwa mlangoni alfajiri. Vizazi:* Hapo pameachwa wazi. Mtu wa kadi alikuwa ameiandika hata siri yake, akaisahau.

"Ulinituma nipange sanduku la kadi za B. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililia siku mbili, ukaniuliza nina nini, nikasema jino."

Mzee akakumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno.

"Lakini... liling'olewa!"

"Lilikuwa zima." Akapanua mdomo, akamwonyesha pengo.

Mtoto alitoa jino zima ili baba yake asijue kwamba amejua!

"Jino halikunishinda, Baba, ini litanishinda? Andika 'mtoto', utie saini."

Aliandika. Machozi yakailowesha fomu yote, ikabidi waletewe nyingine.